Metali Tatu Ndani ya Kiboksi cha Pete

Kwanza tulimalize hili la ndoa. Sikwenda Omani kuolewa. Najua habari zilifika Ilala kabla ya ndege yangu kutua, na shoga yangu mmoja ameshaulizia rangi ya sare. Kila anayekuja kunisalimia anataka kuanzia hapo, na kila nikianza kusimulia chai inapoa na mtu anaaga nikiwa bado niko Fanja, mwanzoni mwa njia. Basi nimeandika. Someni tangu mwanzo bila kuruka, kwa sababu jambo lenyewe ni refu kuliko safari.

Nilichokibeba

Marehemu baba yangu, Mzee Idrisa, alisoma Urusi enzi za Usovieti, wakati vijana wetu walipopelekwa huko makundi kwa makundi. Chumba kimoja alikaa na kijana wa Kizanzibari aitwaye Nassor. Baba alisomea mitambo. Nassor alisomea metali, na akaangukia kwa wataalamu waliokuwa na wazo ambalo baba alilisimulia nyumbani mpaka tukalijua kwa moyo: kuifundisha kompyuta ikisie metali ambazo bado hakuna mtu aliyezitengeneza.

Wenyewe waliita utambuzi wa ruwaza. Mimi nafundisha mambo ya metali chuoni, na wanafunzi wangu huwaeleza hivi. Mtoto mdogo hapewi kanuni ya mbuzi na kondoo. Anaonyeshwa tu: huyu mbuzi, huyu kondoo, huyu mbuzi tena, mpaka siku moja anamwona mnyama asiyemjua na anamtaja sawasawa. Warusi wale waliifanyia hivyo kompyuta yao, dude la kujaza chumba, lililolishwa kadi zenye matundu. Kadi hizi ni za metali zinazoungana zikazaa kitu kipya chenye fuwele zake. Kadi zile ni za metali zinazokataana, zikiyeyushwa pamoja zinakaa kama wapangaji wasiosalimiana. Halafu unaipa kadi ya mchanganyiko usiowahi kujaribiwa na kuiuliza, hizi je?

Nassor aliiuliza juu ya metali tatu: shaba, bati, na metali moja adimu nyeupe ambayo hata mkilijua jina lake hamtapata faida. Kompyuta ikasema zitaungana. Wakubwa wake wakasema haiwezekani. Tanuri lilikuwa la foleni, akapewa zamu moja tu. Akayeyusha, akapoza, akatoa kidonge kizuri kinachong'aa, na siku chache baadaye kidonge kikaanza kutoa unga, akakivunja mezani, kikawa vumbi tupu. Mbele ya jopo la mtihani akaulizwa, "Una hakika na kompyuta yako?" Akajibu, "Sina." Sura ile ikakatwa kwenye tasnifu yake. Shahada alipewa, lakini baba alisema tangu siku ile rafiki yake alizimika, na metali hakuzishika tena. Baadaye alihamia Omani kwa jamaa zake, akaoa, akalima tende.

Baba aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba Nassor alinyimwa muda. Baada ya arobaini yake nilifanya jambo la kitoto kidogo: niliyeyusha zile metali tatu katika tanuri langu dogo la chuoni, kumkumbuka. Mara ya kwanza, unga. Mara ya pili, unga. Mara ya tatu nikakifungia kidonge ndani ya kioo kisichoingiza hewa, nikakiacha kwenye moto mdogo wiki kwa wiki, nikaendelea na kazi zangu. Nilipokitoa hakikumeguka. Nikakipiga eksirei, na mistari iliyotokea haikuwa ya shaba, wala ya bati, wala ya ile nyeupe. Ilikuwa ya kitu kipya. Nililia peke yangu maabara, maana mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa ameshafukiwa. Wa pili alikuwa Nassor, naye yuko mji wa Ibra, Omani.

Nilipiga simu. Akapokea binti yake, Zuwena, akaenda kumwuliza, akarudi na jibu kwamba baba yake hataki habari zozote za Urusi, yalishakwisha. Hata jina langu hakungoja kulisikia. Nikasema, basi nitakwenda mwenyewe. Kidonge chenyewe ni ukubwa wa kokwa ya tende na kinavunjika upesi kama gilasi, kwa hiyo nikamwomba sonara wa Kariakoo kiboksi kimoja cha pete, chekundu, cha mahameli. Mengine yote yaliyonipata yalitokana na kiboksi hicho.

Maskati mpaka Fanja

Nilifika katika joto ambalo sitalieleza, mtasema nazidisha. Nikapata teksi ya kwenda Ibra, na dereva alikuwa mzee mwenye kanzu na kofia aliyezaliwa Kigoma. Aliponisikia natamka tu "salama" akahamia Kiswahili.

"Kafili wako yupo Ibra yenyewe au shamba?"

Kafili ni yule tajiri anayekuleta kufanya kazi. Nikamwambia sina kafili, mimi ni mwalimu wa chuo.

"Ndiyo, mama," akasema kwa upole. "Wengi walikuwa walimu huko kwao. Usione haya, kazi ni kazi. Wakikucheleweshea mshahara, piga simu ubalozini."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu kwa kukasirika, kwa sababu kiti alichonikalisha hukaliwa na dada zetu wengi na yeye alikuwa akinionea huruma ya kweli. Nikamweleza kwamba nampelekea mtu jibu la swali alilokosa kwenye mtihani zamani. Alicheka mpaka akapiga usukani.

"Mimi hesabu nilifeli darasa la saba Kigoma. Langu nani ataniletea?"

Gari nalo likacheka kwa namna yake. Tulipokaribia Fanja rejeta ilichemka, tukateremka kando ya barabara kwenye vibanda vya vyungu na matunda, mji wa kale ukituangalia kutoka juu ya kilima na mitende imejaa chini. Dereva alisema dakika tano. Nilikula mishkaki ya kwanza, nikala ya pili pamoja na ukwaju, nikaswali, nikarudi, nikanywa chai ya maziwa, na zile dakika tano zilikuwa bado hazijaisha. Kila nikiuliza, jibu ni inshallah. Mnanijua nilivyo na subira ya kuku. Nilikuwa nafungua mkoba kila mara kuhakikisha kiboksi kipo, mpaka muuza vyungu akaniuliza kama nimebeba almasi.

Fanja mpaka Ibra

Tulifika Ibra alasiri, na nyumbani kwa Ami Nassor hakukuwa na mtu isipokuwa paka. Jirani akatuelekeza shambani. Hapo nikajua nimeingia katika msimu wa kuchemsha tende. Kuna tende iitwayo mabsali ambayo watu wa huko hawaili mbichi wala hawaisubiri iive. Huikata ikiwa ya manjano, wakaichemsha katika masufuria makubwa ya shaba, kisha wakaianika juani siku nyingi. Moshi ulikuwa umetanda shamba zima, na katikati yake mwanamke wa makamo, uso umejaa masizi, alinijia mikono wazi. Huyo ndiye Zuwena.

"Karibu, karibu! Baba hayupo. Ameenda Sur leo asubuhi, kuna azza. Bi Thuwaiba, binamu yake baba, amefiwa na mumewe. Mie nakwenda kesho. Yalla, kaa, kula kwanza."

Nikamwambia twende leo leo. Akaonyesha masufuria.

"Tende hii yote imeshakatwa. Lazima ichemke leo, ikilala inaharibika."

Basi nikakaa. Zuwena ni mwalimu wa shule, amezaliwa Omani, na Kiswahili chake kinatembea na Kiarabu wameshikana mikono. Alinilisha wali wa nyama na mtindi, kisha maandazi, ambayo huko yapo kila nyumba na si ugeni hata kidogo. Kila sufuria ilipochemka niliona imetosha. "Hii tayari," nasema. "Bado," anasema. Nikaanza kumweleza habari za joto na sukari kama niko darasani, naye akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Baba anasema, mtu mwenye haraka asije shamba. Akae mjini, auze simu."

Jioni, tukinawa masizi, nikamweleza nilichokibeba. Hakucheka. Alikaa chini juu ya jamvi.

"Sie tunajua tu kwamba alisoma huko na kitu kikaharibika," akasema. "Mie nilitaka kusoma fizikia. Nilikuwa wa kwanza darasani, wallahi. Baba akakataa. Akasema, sayansi inakufanya mjinga mbele za watu. Nikasoma jiografia." Akaukunja ukingo wa jamvi. "Ukimwambia na ikawa si kweli, dada Rukia, utamuua."

Nikamwambia ni kweli. Lakini usiku huo nilifungua kiboksi na kukiangalia kidonge kwa tochi ya simu. Ibra ni kukavu. Sur ni pwani, na unyevu ndio uliokila kidonge cha kwanza. Kama changu nacho kingeanza kutoa unga huko, ningekuwa nimevuka bahari kumvunjia mzee wa watu moyo mara ya pili.

Ibra mpaka Sur

Zuwena anaendesha gari kama anavyochemsha tende, bila pupa hata kidogo. Tulipita mchanga wa Bidiya, tukapita kibao cha Wadi Bani Khalid, na nikamwomba kwa mzaha tukaoge kwenye mabwawa yake. Akanikata jicho. Tulikuwa tumevaa nguo za msibani.

Njiani alinifundisha cha kusema. Ukiingia, unawapa mkono wote kuanzia kulia, unasema *ahsana Allahu azaakum*, yaani Mungu awape faraja njema, unakaa. Azza ni siku tatu, na ile ilikuwa ya mwisho. Wanaume wana majlisi yao na wanawake yao. Hakuna kuulizana shughuli, wala kuleta habari za furaha, wala kumwita mwanamume pembeni. "Jibu lako lina furaha," alisema. "Lifunge mpaka kesho." Nililifunga, ingawa lilinipalia kooni.

Aija

Nyumba ya Bi Thuwaiba iko Aija, ng'ambo ya daraja, moja ya zile nyumba za wafanyabiashara wa zamani zenye milango ya kuchongwa. Ukishuka garini hewa inakuvaa kama shuka mbichi. Kabla ya kusalimia mtu nilikuwa nimeshaiogopa.

Bi Thuwaiba alikuwa amekaa mwisho wa ukumbi, bibi wa Kiunguja hasa, aliyeondoka Zanzibar msichana na kukihifadhi Kiswahili chake kama nguo ya Idi. Nilimpa shikamoo na pole. Akaniuliza u mtoto wa nani, nikamwambia wa Dar es Salaam, rafiki wa familia. Hapo nilijaliwa kumwona Ami Nassor mara moja tu, kupitia mlango wa ua: mzee mrefu mwembamba, anapapasa ukuta kwa mkono akitafuta viatu vyake. Sikuweza hata kumsalimia.

Adhuhuri chakula kilikuja, wali na papa mkavu aliyepondwa na ndimu, na nimekula msibani kwa namna ambayo marehemu baba angenifinya. Baada ya hapo sikuvumilia. Nikajibanza kwenye pembe, nikafungua kiboksi kuangalia kama kuna unga. Hakikuwa na hata chembe. Nikabusu kidole, nikakigusa kidonge, nikafunga. Nilipoinua uso Bi Thuwaiba alikuwa ananitazama, na ukumbi mzima pamoja naye.

"Ya nani hiyo, mwanangu?"

"Ya Ami Nassor, bibi."

"Mwenyewe kajua?"

"Bado. Nataka nimpe kwa mkono wangu, tukiwa mbali na watu. Nangoja azza imalizike."

"Na umetoka nayo Dar es Salaam?"

"Ndiyo, bibi. Nimeihangaikia muda mrefu sana."

Mwanamke mmoja akasema mashallah kwa sauti ya chini. Niliona wananipenda ghafla. Kahawa ikaanza kuja kwangu kwanza, nikasogezewa halua, mtu akaniuliza nina watoto wangapi na kama napika mwenyewe. Nikadhani ndiyo ukarimu wa watu wa Sur. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Aliyenifumbua macho ni Mwanaidi, dada wa Kitanga anayefanya kazi katika nyumba ile. Magharibi nilimfuata jikoni kumsaidia vyombo, na alikuwa akitetemeka kwa kicheko, mkono mdomoni kwa heshima ya msiba.

"Dada, una moyo wewe! Kumposa mzee wa watu, tena siku ya tatu ya matanga?"

"Kumposa nani?"

"Si Mzee Nassor? Mjane tangu mkewe afe. Mwanamke katoka Bara na pete yake mwenyewe, kaja kuifuata ndoa kwa miguu yake. Ukumbi mzima hauna maneno mengine. Bi Thuwaiba keshampelekea habari majlisi, ati ajiandae, riziki imemjia."

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Nilitaka kukimbilia majlisi kueleza, Mwanaidi akanishika mkono. Mwanamke kuvamia majlisi ya wanaume kutafuta bwana yule yule, hapo ndipo wangeamini kabisa. Akanipa chai ya tangawizi, tukacheka mpaka machozi, naye akanisimulia watoto wake wawili walioko Tanga na chumba anachowajengea. Nilimwahidi nikirudi nitawapelekea salamu kwa mdomo, na nimeshawapelekea.

Asubuhi nikaamka na hotuba yangu tayari. Bi Thuwaiba akanipokea kwa uso wa huzuni.

"Keshaondoka, mwanangu. Alfajiri, kadandia gari la wapwa zake. Kaenda Nizwa, ati anataka mbuzi wa Ijumaa." Akanipapasa bega. "Usivunjike moyo. Wanaume ndivyo walivyo, wakitakwa wao huona haya. Mie nimemwambia una adabu na unakula vizuri."

Nikamweleza kila kitu, kompyuta, tanuri, eksirei. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa subira.

"Basi na hiyo nayo mpe," akasema.

Sur mpaka Nizwa

Zuwena, ambaye tangu jana mchana alikuwa kwa jamaa wengine mjini, alipopata habari alisimamisha gari kabla hatujavuka daraja, akaegemeza paji la uso kwenye usukani na kucheka kwa kelele. Alijaribu kumpigia baba yake. Simu ilizimwa. "Afa, aibu gani hii! Baba anakimbia kuolewa," alisema, na tukaanza upya.

Tulirudi ile njia tuliyokwenda, kisha tukakata kwa Sinaw. Ni mwendo wa kuchosha, milima ya kahawia upande huu na upande huu, na ngamia wanaovuka barabara bila kutazama. Nilikuwa nimenuna. Nilitoka nyumbani na jibu jema kuliko yote niliyowahi kulipata, na nilichofanikiwa kufanya ni kumtorosha mwenye jibu. Zuwena akaninunulia mkate mwembamba wa rukhali wenye asali, akaniambia nile ndipo niendelee kununa.

Karibu na Izki akaniuliza, "Ile kompyuta ilijuaje?"

Nikamweleza habari za kadi na matundu, na mtoto na mbuzi na kondoo. Akaniuliza swali, kisha jingine, kisha akauliza lile ambalo wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawajawahi kuliuliza: kama unaionyesha mifano michache na yote imetoka mahali pamoja, si itajifunza makosa ya mahali hapo? Nikamtazama mwalimu yule wa jiografia. Nilihuzunika kwa ajili yake, na nikapata hamu mpya ya kumkamata baba yake.

Sokoni Nizwa

Soko la mbuzi la Nizwa ni la Ijumaa asubuhi, chini ya ngome. Wauzaji wanawazungusha mbuzi kwa kamba katika duara wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi wamesimama ndani na nje ya duara. Mnyama akipita mbele yako unamshika mgongo, unamfungua mdomo, unaamua kabla hajapita. Watu wazima wale hawawezi kukuambia kanuni wanayoitumia. Wameona mbuzi wengi tu.

Tulilala mjini, na asubuhi hiyo tulimwona kabla hajatuona. Alikuwa ndani ya duara, anapapasa mbavu za beberu mweusi. Zuwena akaita, "Baba!" Akageuka, akanitambua kwa buibui na mkoba jinsi alivyoelezwa, na mzee wa watu, shahada yake ya Urusi na ndevu zake nyeupe, akainama nyuma ya beberu.

Uvumilivu wangu uliishia hapo. Nikapaza sauti.

"Ami Nassor! Sikuja kuolewa!"

Sikujua kama nusu ya soko lile inajua Kiswahili. Vicheko vilianza upande mmoja vikazunguka pamoja na mbuzi. Muuzaji mmoja mwenye meno mawili akaniambia, "Basi, bi mkubwa, olewa na mie, nakupa na huyu mbuzi."

"Baba," Zuwena akasema, amemfikia na kumshika mkono. "Huyu ni binti wa Idrisa."

Mzee akanyooka polepole.

"Idrisa yupi? Idrisa wa Tanga? Alokuwa akificha pilipili ndani ya buti zake?"

"Huyo huyo, Ami. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba." Alinisogelea mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akanitazama kwa macho yenye ukungu. "Yuko wapi bwana yule? Mbona hakuja mwenyewe kunikoga na kunicheka?"

Nikamwambia amefariki. Akashika ukuta wa duka la karibu, akakaa kizingitini, na mimi nikakaa kando yake. Akamsomea Fatiha. Tulikaa hivyo mpaka vumbi la mbuzi likatulia kidogo.

Kisha nikamweleza. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Dar es Salaam na hata moja halikutokea mahali pake. Nikampa karatasi ya eksirei. Akaisogeza, akaiweka mbali, akanirudishia.

"Mistari siioni, mwanangu. Inshallah mwezi ujao nafanyiwa macho. Na karatasi n'lionyeshwa nyingi." Akapangusa vumbi gotini. "Mwaka huu unanambia zimeungana. Mwaka ule wakanambia hazikuungana. Mie wa kumwamini nani?"

Nikafungua kiboksi, nikamwekea kidonge kiganjani. Akakipima uzito. Akakisugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole kama kina unga.

"Umekipoza vipi?"

"Sikukipoza, Ami. Nilikiacha kwenye moto mdogo, wiki kwa wiki."

"Wiki." Akalirudia neno lile kwa Kirusi. "Sie tulipewa zamu moja. N'liwaomba tanuri, wakanambia kuna foleni." Kisha akamgeukia Zuwena. "Niazimie kinyundo kwa yule mfua fedha pale."

Nilielewa anachotaka na nikamshika mkono. Kidonge kile nilikuwa nimekilinda na rejeta ya Fanja, na moshi wa Ibra, na chumvi ya Sur. Nilikuwa na kimoja tu.

"Mwanangu," akasema, "chetu n'likivunja. Najua kilivunjika vipi. Kama mkate mkavu, vumbi tupu ndani. Kama hichi ni kitu kimoja, kitanambia chenyewe."

Nikamwachia. Akakifunga ndani ya leso, akakiweka juu ya jiwe la kizingiti, akakigonga mara moja kwa kinyundo cha kufulia majambia. Kilitoa sauti ndogo. Watu wawili watatu wakasogea kutazama. Akaifungua leso, akachagua kipande, akakiinua kwenye jua na kukigeuza taratibu, kidogo, kidogo tena.

Kikawaka. Uso wa mvunjiko ulikuwa bapa, laini, kama uso wa fuwele, na mwanga wote uliruka mara moja ukampiga shavuni. Akageuza, ukazimika. Akageuza, ukawaka. Akachukua kipande cha pili, nacho kikawaka. Cha tatu pia. Mtaalamu atasema ushahidi ni eksirei na mvunjiko unaunga mkono tu, na mimi ningesema hivyo hivyo darasani. Lakini mzee yule ndiye pekee duniani aliyeviona vidonge vyote viwili, cha kule Urusi na hiki, kwa macho yake, na macho yale yenye ukungu yalikuwa yanauona mwanga ule vizuri.

"Vioo," akasema. "Zuwena, tazama. Vioo vitupu."

Zuwena alikuwa ameshapiga magoti, anageuza kipande chake kwenye jua.

"Nilikwambia usisome fizikia," mzee akamwambia.

"Ndiyo, baba."

"Pale nilikosea. Kwenye hizi metali sikukosea."

Alilia hapo hapo, mbele ya wauza mbuzi, na hakujificha. Mimi ndiyo msiniulize. Alipomaliza alifuta uso kwa leso ile ile, akarudi kwenye duara, akamnunua beberu mweusi. Akasema ni wa Idrisa, atachinjwa leo, watu wale na wamwombee dua. Nilipomwuliza Zuwena kama bado anataka kusoma, mzee mwenyewe alijibu kwamba Nizwa kuna chuo, na jioni kinapokea watu wazima, yeye keshakisikia.

Tulikaa kwenye duka la kahawa kungoja beberu apakiwe garini. Vipande tuliviweka katika kiboksi cha mahameli, nusu vyake, nusu vyangu. Alikunywa kikombe cha kwanza. Cha pili hakukigusa.

"Binti Idrisa," akasema. "Siku ile babako alikuwa amesimama nje ya mlango. Alisikia walivyoniuliza, na alisikia n'livyojibu. Hebu niulize weye. Vile vile walivyouliza wao."

Nikaweka kikombe chini.

"Nassor," nikamwuliza, "una hakika na kompyuta yako?"

Akanyoosha kanzu yake, akakaa wima. Alijibu kwanza kwa Kirusi, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye nje ya mlango. Kisha akamgeukia binti yake na kujibu tena kwa Kiswahili, ili naye asikie.

"N'nayo."